Sehemu 212 za jamaa aliyezaliwa upya na kugombaniwa na wasichana tisa: upuuzi mtupu, ila kwa nini siachi?

#1 Zamu ya Usiku
Salaam wadau. Mimi ni mtu wa sheli, zamu ya usiku, hapa hapa Tanga mjini. Ikishapita saa sita magari yanakatika, unabaki wewe, pampu na mbu. Ndipo nilipoangukia hizi hadithi za Kijapani za mtandaoni, zile zinazotafsiriwa na mashabiki, na siku hizi na mtambo.

Ninayosoma iko hivi. Jamaa mtu mzima, kazi haina mbele wala nyuma, anavuka barabara, lori linampitia. Akifumbua macho ni kichanga, yuko dunia nyingine ya wachawi na majoka, na akili zake zote za utu uzima anazo. Anakua, anafika miaka ishirini, ana nguvu kuliko jeshi zima, na nyuma yake wapo mabinti tisa, kila mmoja anamtaka. Yeye haoni. Binti anamshonea joho, anamdamkia na uji, anamwambia "nataka tuzeeke pamoja", jamaa anajibu "ahsante, wewe ni rafiki wa kweli". Sehemu ya 40 nilicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni. Sehemu ya 140 nilitaka kumzaba kofi.

Sasa niko ya 212. Wiki iliyopita nilikuwa pale binti wa joka anapika supu na kuunguza jumba zima. Kaja bodaboda, kasema ya elfu mbili. Jicho kwenye simu, mkono kwenye bomba. Kushtuka, namba zinasoma 5,140. Jamaa akanipa elfu mbili yake, akasema "riziki hiyo", akawasha akaondoka. Tofauti nimeilipa mimi.

Mnaozisoma hizi, niambieni. Kitu gani kinatushika humu?

#2 Mla Bada
Nimetandika mkeka, naleta na kahawa.

#3 Chungwa la Muheza
Mbona jibu liko wazi. Ni "itaendelea". Hata hizi simulizi zetu za kwenye makundi ya WhatsApp ni vile vile: sehemu ya 1 mpaka ya 20 bure, mtu yuko mlangoni kashika panga, "ya 21 tuma buku". Mimi nimeshatuma buku kwa hadithi ambayo hata jina la mhusika mkuu nilikuwa nimelisahau. Weka wasichana tisa au weka ng'ombe tisa, ukikatwa pale pale mlangoni utarudi tu.

#4 Kinyozi wa Mabawa
#3 acha kumzungusha mwenzio. Mwanamume anapenda kugombaniwa, basi. Wewe uko sheli saa nane usiku unanuka petroli, hakuna anayekuuliza umekula nini. Ndani ya simu kuna watu tisa wanauliza. Ningekuwa wewe ningekuwa sehemu ya 400.

#5 Zamu ya Usiku
Kinyozi umeniua bure. Lakini hao tisa sehemu zao ndizo naziruka! Wakishaanza "moyo wangu unadunda" napitisha kidole. Nasubiri vichekesho.

#6 Binti Pongwe
Na mimi mwanamke ninayezisoma, mnaniweka fungu gani? Maana mnaongea kama vile ni kijiwe cha wanaume.

Kuna tawi zima ambalo anayezaliwa upya ni msichana. Maarufu mojawapo mashabiki huiita Hamefura kwa kifupi, ilianza mtandaoni, ikaja kuwa katuni mwaka 2020. Binti anagundua kazaliwa ndani ya mchezo wa kompyuta aliokuwa akiucheza, tena kazaliwa kama yule mbaya, ambaye mwisho wake ni kufukuzwa nchini au kuuawa. Anafanyaje? Anajifunza kulima! Ili wakimfukuza asife njaa. Mtoto wa kabaila, kashika jembe, wakubwa wanamshangaa. Huku wavulana wote, na mabinti pia, wanamwangukia mmoja mmoja naye hana habari.

Sasa linganisha na huyo wa Zamu ya Usiku. Huyu wangu haoni kwa sababu akili yote iko kwenye kutokufa. Kutoona kwake kuna chanzo, kwa hiyo kila mara kunachekesha. Huyo wenu haoni kwa sababu akiona tu hadithi imekwisha. Msomaji anaona kamba inavyovutwa. Ndiyo maana ya 40 ulicheka na ya 140 ukataka kumzaba kofi.

#7 Mla Bada
#6 kapiga palepale. Dada rudi utupe nyingine.

#8 Fundi Saa
Kidogo historia kwa wasiojua. Mtindo huu wameuanzisha Wajapani kama 2010 hivi, kwenye tovuti yao moja ambapo mtu yeyote anajiandikia. Wenyewe wanasema "isekai", yaani dunia nyingine. Na lori ni lazima. Mpaka limepewa jina la utani kama mtu, Truck-kun. Kuna ile KonoSuba, kijana anagongwa na lori, anapelekwa kwa mungu wa kike, na badala ya silaha anamchagua huyo huyo mungu wa kike aende naye. Raha tupu.

#9 Mhariri wa Barazani
Fundi Saa, marekebisho mawili bila ugomvi. Tovuti hiyo, Shōsetsuka ni Narō, ipo tangu 2004. Kilichokuja baadaye ni kupamba moto kwa hadithi za kuzaliwa upya. Mushoku Tensei, ambayo wengi wanaihesabu kama iliyofungua njia, ilianza kuwekwa humo 2012 ikamalizika 2015.

Pili, yule wa KonoSuba hakugongwa na lori. Lilikuwa trekta, tena linakwenda mwendo wa kobe, na halikumgusa. Alikufa kwa hofu. Mungu wa kike anamsimulia huku akimcheka. Utani wote uko hapo. Ukisema lori umeuua mzaha.

#10 Fundi Saa
Trekta nakubali, nimechanganya. 2010 nilisema "kama".

#11 Kinyozi wa Mabawa
Kufa kwa hofu ya trekta. Huyo Handeni asingemaliza msimu mmoja wa kilimo.

#12 Baba Zamu Mbili
Nimesoma kimya kimya nimeshindwa. Mimi nina wake wawili, mmoja Makorora, mmoja Muheza, mwaka wa kumi na moja huu. Mwanangu wa kidato cha nne ndiye alinionyesha hizi hadithi akidhani nitafurahi. Nilisoma sehemu saba nikamrudishia simu.

Vijana, hakuna hesabu mle! Wasichana tisa, nani analala wapi? Zamu ikoje? Sukari nani ananunua? Jamaa ananunua mkufu mmoja sokoni, anampa mmoja, wanane wanavimbisha mashavu nusu ukurasa kisha wanacheka. Nusu ukurasa!

Ngoja niwape cha kweli. Mwaka juzi nilipita Ngamiani nikanunua doti mbili za khanga, rangi moja, mji mmoja, nikasema leo haki imetendeka. Jina sikusoma. Ya mkubwa ilikuwa imeandikwa "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Ya mdogo "Hasidi hana sababu". Nilikaa Jumamosi nzima najieleza kwa mdogo, na Jumapili najieleza kwa mkubwa kwa nini Jumamosi nilikaa najieleza. Huyo mwandishi wa Kijapani aje Makorora wiki moja, atapata sehemu 500 bila joka hata moja.

#13 Chungwa la Muheza
Nimecheka mpaka chai imenipalia 😂 Huyo wa Muheza atakuwa jirani yangu.

#14 Baba Zamu Mbili
#13 usianze.

#15 Binti Pongwe
Baba shikamoo. Umesema kwa kucheka ila umegusa donda lenyewe. Mle ndani mabinti hawana maneno baina yao. Kila mmoja anaongea na jamaa tu, kama vijiti vya mwavuli, vyote vimeshikana katikati na havigusani pembeni. Akija mpya anapewa sehemu tano: kaokolewa, kalia, kapenda. Baada ya hapo anakuwa mtu wa kukaa nyuma na kusema "bwana mkubwa!" pale wanapohitaji mshangao. Zamu ya Usiku, bila kuchungulia, nitajie wote tisa kwa majina.

#16 Zamu ya Usiku
Binti wa joka. Yule wa upanga. Mtawa. Binti mfalme. Wawili mapacha. Yule mwenye masikio ya paka.

Ni saba hao. Majina sina hata moja.

#17 Mjukuu wa Machui
Nawasalimu. Nashangaa watu wa Tanga mnaifuata dunia nyingine Japani wakati Mzee Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani pale Machui, ameiandika Kusadikika mwaka 1951. Nchi inayoelea angani! Watu hawajafa kwa lori wala trekta. Hizi zenu ni Kusadikika iliyotiwa masikio ya paka.

#18 Mhariri wa Barazani
Mjukuu, babu yako tunamheshimu sote ila usimbebeshe yasiyo yake. Kusadikika hakuna aliyezaliwa upya. Karama yuko kizimbani, Majivuno amemshtaki, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka mbinguni na ardhini. Walirudi na maarifa, malipo yao yakawa kifungo.

Ila umeniamsha na kitu. Hizo za Kijapani ni kinyume chake kabisa. Jamaa anabeba maarifa ya kwao, tena maarifa gani, namna ya kutengeneza mayonezi! Hiyo mayonezi ni kichekesho cha kudumu mle. Anakoroga mayai na mafuta, wanakijiji wanalia machozi, mfalme anampa cheo na binti. Shaaban Robert alijua mtu akirudi na jambo jipya anafungwa. Wale wameandika nchi ambayo mtu ambaye kwao hakuna aliyemsikiliza, ghafla kila anachosema ni hekima. Mimi naona kinachokushika wewe wa sheli ni hicho, wala si wasichana, na "itaendelea" ni mtego wa juu juu tu. Wasichana ni wasikilizaji tisa.

#19 Kinyozi wa Mabawa
Wasikilizaji tisa, mimi nilisema wanauliza umekula nini. Tofauti iko wapi? Nipewe haki yangu.

#20 Mjukuu wa Machui
#18 nakubali kuhusu kuzaliwa upya. Basi chukua kitabu chake kingine, Adili na Nduguze, 1952: ndugu wawili wamegeuzwa manyani na kila usiku wanachapwa. Mwili mwingine, akili ile ile. Bado nadai.

#21 Mhariri wa Barazani
Hiyo nakupa nusu.

#22 Nahodha Mstaafu
Hizi hadithi za jamaa mmoja na mabinti wengi vijana mnaziita "harem", kama vile ni neno la katuni. Neno ni la Kiarabu, na sisi tunalo shina lake: maharimu. Na maharimu kwetu ni nani? Ni yule usiyeweza kumuoa! Dada, shangazi, mama mdogo. Kwa Kiswahili cha baba zetu, "hadithi ya maharimu tisa" ni hadithi ya jamaa aliyezungukwa na mashangazi.

Na mkitaka nyumba ya kweli ya masuria, iliyosimuliwa na aliyekulia humo, basi ni Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja. Kazaliwa Unguja 1844, mama yake suria, kitabu chake kimetoka kwa Kijerumani 1886. Pale Mtoni watoto, masuria, lugha mbalimbali, wivu, makundi ndani ya jumba moja. Hakuna aliyekuwa akivimbisha mashavu nusu ukurasa.

#23 Mla Bada
Jamaa aliyezungukwa na mashangazi tisa. Hiyo ndiyo ndoto mbaya, ningeisoma yote. Kila sehemu anaulizwa unaoa lini.

#24 Binti Pongwe
😂😂 Mla Bada iandike hiyo!

#25 Ustadh wa Mtaa
Assalaam alaykum. Sipendi kuwaharibia, ila kuzaliwa upya si itikadi yetu, na tisa wamezidi mpaka. Mtu asome kwa akili.

#26 Baba Zamu Mbili
Wa alaykum salaam ustadh. Hata hao wanne kuna sharti la uadilifu, na mimi kwa wawili tu nilishindwa na khanga.

#27 Zamu ya Usiku
Ustadh nimekuelewa, nasoma kama ngano. Lakini swali: mnaosoma kwa mtambo, mnawezaje kujua nani anaongea? Mimi sehemu nyingine nakuta mabinti sita mezani, "akasema", "akamjibu", "akamkasirikia", sijui nani kamkasirikia nani.

#28 Mwalimu wa Zamani
Hili nitalikalia kidogo, maana ndilo lililonifanya niache na ndilo lililonirudisha.

Kwa Kijapani mwandishi hahitaji kuandika "akasema fulani". "Mimi" tu wanalo kwa namna nyingi. Kijana anayejikweza anasema "ore", mpole anasema "boku", mtu wa heshima "watashi", babu wa kwenye hadithi "washi". Kwa hiyo ukikuta binti wa joka, uso wa kitoto lakini umri wake mamia ya miaka, anasema "washi" na anamalizia sentensi kizee. Msomaji wa kule anacheka kwa neno hilo moja kabla hata hajaunguza supu. Mtambo unakuletea "mimi". Kicheko kimebaki forodhani.

Na sisi tumekaa juu ya hazina hatujui. Nilijaribu na wanafunzi wangu wa jioni ukurasa mmoja, mabinti wanne mezani. Yule wa joka nikampa sauti ya bibi wa Ngamiani: "Mjukuu wangu we, hebu sogea nikuone." Wa upanga nikamleta kutoka Mombasa, yeye ni "ndoo hapa" na "nimekuona kwa mato yangu". Binti mfalme Kiunguja cha mjini, laini, hakatizi mtu. Wa masikio ya paka ni wa stendi ya Kange: "Oya, nauli yako hiyo?" Hatukuandika "akasema" hata mara moja, na mtoto wa mwisho darasani alijua nani ni nani. Walicheka pale bibi joka alipomwambia wa stendi anyamaze, na kwa asili mle hawasemeshani kabisa, Binti Pongwe kasema kweli. Walianza kusemeshana kwa sababu lahaja zenyewe zinagombana.

Kwa hiyo siamini kwamba ni upuuzi. Naamini nusu ya utani hatujauona.

#29 Fundi Saa
Mwalimu heshima. Ila na huko kwao wenyewe wamechoka. Mwaka 2017 Kadokawa, kampuni kubwa ya vitabu, iliendesha shindano la riwaya na kukataza hadithi za dunia nyingine. Hapo sijasema "kama".

#30 Mhariri wa Barazani
Hapo uko sawa.

#31 Binti Pongwe
Mwalimu nimependa, lakini lahaja haitamfufua binti asiye na haja yake mwenyewe. Na mkisifia msisahau uchafu. Zipo ambazo jamaa ana akili ya mtu mzima, mwili wa mtoto, na macho yake kwa watoto wenzie mwandishi anataka tuyacheke. Hizo naacha sehemu hiyo hiyo, sina mjadala.

#32 Mwalimu wa Zamani
Hata mimi. Ukurasa wa namna hiyo darasani haukuingia.

#33 Chungwa la Muheza
Hakuna aliyegusa majina ya hadithi zenyewe. Kichwa kirefu kama hati ya kiwanja! "Nilizaliwa upya kama hiki na hiki lakini hivi na hivi". Ni kwa sababu kwenye orodha ya tovuti msomaji anaona kichwa kwanza, usipomwambia yote hapo anapita. Kama uzi huu wa Zamu ya Usiku tu.

#34 Mla Bada
Jamani nimeanza. "Sehemu ya 1. Nilikuwa utingo wa Noah. Nikavuka barabara Kange, nikagongwa na Noah yetu wenyewe. Nikafumbua macho Pangani, mwaka 1905, Abushiri anapigana na Wajerumani, na mashangazi tisa wamenizunguka wananipaka samli."

#35 Nahodha Mstaafu
1905 ni Majimaji, huko kusini. Abushiri ni 1888, na Desemba 1889 walishamnyonga hapo hapo Pangani. Mzalishe upya mapema kidogo.

#36 Mla Bada
Nimebadilisha, 1888. Sasa utingo ana maarifa gani ya kuwapelekea? Mayonezi hajui.

#37 Kinyozi wa Mabawa
Kupanga watu ishirini kwenye siti nane. Abushiri angempa ujemedari.

#38 Binti Pongwe
Na mashangazi wasemeshane, tafadhali.

#39 Zamu ya Usiku
Wadau ahsanteni, ila nimechanganyikiwa zaidi. Mmoja ni itaendelea, mmoja ni njaa ya kusikilizwa, mwalimu anasema hata sijaisoma bado. Halafu ya 213 imetoka jana usiku. Aya sita, na kaongezeka msichana wa kumi.

#40 Chungwa la Muheza
Umeisoma?

#41 Zamu ya Usiku
Mara mbili. Nikiwa nimeweka simu mfukoni kila ikija pikipiki.

#42 Mla Bada
Baba Zamu Mbili, kabla uzi haujalala. Zile khanga uliwarudishia dukani?

#43 Baba Zamu Mbili
Khanga iliyokatwa hairudishwi mwanangu. Zote mbili anavaa mama yangu, na kila akija kututembelea anachagua ya kuvaa kulingana na nyumba anayokwenda.